Kontakta ya Taa: Namna ya Kuchagua Isiyogandana Pointi

Taa za uani zinawaka mchana kweupe. Fundi anabadilisha fotoseli, kile kijicho kinachohisi giza na mwanga, bado zinawaka. Anabadilisha taima, bado. Akifungua boksi anakuta kontakta, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili: koili haina umeme kabisa, lakini pointi zake zimeshikana kama zimechomelewa, na ndivyo zilivyo: zimechomelewa. Kontakta imeandikwa 25 A, na taa zote kwa pamoja hazifiki ampea 9 kwa fezi.

Kosa lilifanyika dukani, pale mtu alipolinganisha ampea za taa zilizokwisha kuwaka na namba kubwa iliyo usoni mwa kontakta. Kontakta ya taa haichoshwi na mkondo wa usiku kucha. Huumizwa ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, pale pointi zinapokutana. Kwa hiyo swali la kwanza si "taa zako zinakula ampea ngapi?" bali "ni taa ngapi zitawashwa kwa mpigo mmoja kwenye kila poli, na kila moja inavuta kiasi gani inapoanza?" Poli hapa ni jozi moja ya pointi, ile inayopitisha fezi moja.

Taa inavyoanza

Balbu ya nyuzi ikiwa baridi ina ukinzani mdogo, hivyo kwa milisekunde chache huvuta mara 10 hadi 15 ya mkondo wake wa kawaida. Balbu hizi zimebaki chache, lakini viwango vingi vya kontakta vilitungwa zikiwa ndizo taa za kila mahali.

Taa za sodiamu na za metali halaidi zina choki, yaani koili ya kudhibiti mkondo, na kwa kawaida kapasita ya kurekebisha pawafakta (uwiano wa umeme unaofanya kazi na ule unaovutwa). Kapasita tupu ikiunganishwa na umeme hufanya kama shoti kwa muda mfupi sana. Baada ya hapo taa yenyewe huvuta zaidi ya mkondo wake wa kawaida kwa dakika kadhaa hadi ipate moto. Ndiyo maana kontakta ya taa hizi lazima ivumilie mambo mawili: pigo la mwanzo, na mzigo wa ziada wa dakika hizo. Tena umeme ukikatika na kurudi, taa ikiwa bado ya moto haiwaki hadi ipoe. Metali halaidi huweza kuchukua dakika 10 na zaidi. Usimlaumu kontakta kwa hilo.

LED ndiyo inayodanganya kuliko zote. Draiva, kifaa kinachoilisha LED umeme, ya taa ya 150 W huvuta takriban 0.7 A ikishawaka. Lakini mlangoni mwake, nyuma ya daraja la dayodi linalogeuza AC kuwa DC, kuna kapasita. Karatasi ya vipimo ya draiva ya ukubwa huo mara nyingi huandika mkupuo wa kuwasha wa ampea 50 hadi 80, kwa muda usiofika nusu milisekunde. Ukubwa wa mkupuo unategemea pia wakati: pointi zikifunga pale wimbi la umeme liko kileleni, yaani volti 325 kwenye mfumo wa 230 V, draiva inapigwa yote. Zikifunga karibu na sifuri, mkupuo unakuwa mdogo. Kontakta ya kawaida haichagui wakati, kwa hiyo wewe hesabu kilele.

Sasa tazama pointi zenyewe kwa karibu. Koili ikivuta, pointi hazikutani na kutulia. Hudunda mara kadhaa kama mpira ulioangushwa sakafuni, kwa milisekunde chache. Kila mdundo unaacha mwanya mwembamba wenye cheche, na cheche inayeyusha ngozi ya fedha iliyo juu ya pointi. Mkupuo ukija wakati huohuo, fedha iliyoyeyuka hupoa pointi zikiwa zimebanana. Mara nyingi springi inazing'oa, inabaki alama. Siku nyingine springi inashindwa. Ndiyo sababu kontakta hufanya kazi vizuri miezi sita kisha "inagoma" bila mtu kubadilisha kitu.

Soma kibandiko, si namba ya usoni

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-4-1 kinazipa kontakta madaraja kulingana na mzigo. Kontakta moja ina ampea tofauti kwa kila daraja, na mwenye duka hukutajia ile kubwa.

AC-1 ni ya mizigo mipole kama hita. Hii ndiyo namba kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopotosha. AC-3 ni ya mota za kawaida zinazoanza kwa mkondo mkubwa. AC-5a ni ya taa za gesi, yaani tyubu, sodiamu na metali halaidi. AC-5b ni ya balbu za nyuzi. AC-6b ni ya kapasita. Kontakta ndogo za reli, zile zinazobanwa kwenye reli ya breka majumbani na maofisini, zina kiwango chao, IEC 61095, chenye AC-7a kwa mizigo mipole na AC-7b kwa mota.

Mfano wa namba: kontakta ndogo ya mota ya AC-3 9 A kwa kawaida ni AC-1 25 A. Ya AC-3 18 A ni AC-1 32 A. Kontakta ya reli ya AC-7a 25 A hushuka hadi takriban 8.5 au 9 A kwenye AC-7b. Ukiambiwa "hii ni ya 25" bila daraja, hujaambiwa kitu.

Kiwango pia kinasema kontakta iweze kufunga mkondo wa mara ngapi bila kugandana: mara 1.5 ya ampea zake kwa AC-1, mara 3 kwa AC-5a, mara 10 kwa AC-3. Hapo ndipo AC-3 inapokuwa rafiki wa fundi wa taa. Kontakta ya AC-3 25 A imejaribiwa kufunga 250 A, ambazo kilele chake ni takriban 353 A. Jaribio hilo ni la mizunguko mizima ya umeme, ilhali mkupuo wa LED ni mfupi zaidi, kwa hiyo ukilinganisha kilele kwa kilele unabaki upande salama. Ni makadirio ya kufanyia kazi pale mtengenezaji hajatoa jedwali la LED. Akiwa amelitoa, jedwali lake ndilo linalotawala: linasema taa ngapi za wati ngapi kwa kila poli.

Aina zilizopo, na kila moja mahali pake

*Kontakta ya mota.* Ile nyeusi au ya kijivu, ya poli tatu, yenye pointi ya pembeni 13-14 au 21-22. Inapatikana kila duka la umeme, vipuri vyake vipo, na koili hubadilishwa. Kwa ua, maghala, viwanja vya michezo na taa za barabara ni chaguo zuri kama utaichagua kwa AC-3. Ubaya wake ni mlio. Inapovuta inapiga "tak" inayosikika chumba cha pili, na koili ya AC inaweza kunguruma. Usiifunge kwenye ukuta wa chumba cha kulala wageni.

*Kontakta ya reli.* Nyembamba, inakaa safu moja na breka kwenye DB, yaani bodi ya breka. Zipo za 16, 20, 25, 40 na 63 A, za poli 1 hadi 4. Nyingi zina daraja la dayodi kwenye koili, hivyo ni kimya. Baadhi zina kitufe cha mbele cha kuwasha kwa mkono, kukata au kuacha ijiendeshe, jambo linalookoa muda siku fotoseli ikifa. Kwa ofisi, hoteli, msikiti, kanisa, hospitali na maduka, hii ndiyo. Lakini hupata joto: ukizipanga tatu au nne bega kwa bega weka kipande cha nafasi cha nusu moduli, milimita 9, kati yake. Kwenye boksi la bati linalopigwa na jua la Dodoma au Garissa, ushauri huo ni amri.

*Kontakta ya kujiloki.* Hii huvutwa na pigo fupi la umeme, kisha komeo la ndani linaishikilia bila koili kula umeme. Pigo la pili, au koili ya pili, huifungua. Marekani hutumika sana kwa taa za majengo makubwa. Faida yake ni kimya kabisa, hakuna joto la koili, na umeme mdogo wa jioni hauiangushi. Hasara: umeme ukikatika inabaki imefunga, hivyo ukirudi taa zote zinapigwa kwa pamoja, na kama kuna jenereta, jenereta nayo inapigwa. Tena fotoseli ya kawaida hutoa umeme au haitoi, haitoi mapigo. Ukiichagua hakikisha unanunua na kipande chake cha kugeuza ishara ya nyaya mbili, la sivyo itawaka jioni na haitazima asubuhi.

*Rilei ya pigo.* Ndugu mdogo wa hiyo, kwa kawaida ya 16 A. Ni ya ngazi na korido ndefu, ambako unaweka vitufe vya kubonyeza sehemu 5 au 10 vyote sambamba. Ikitumika kwa taa nyingi za LED, inagandana upesi kuliko kontakta. Tafuta yenye pointi ya tangsteni inayotangulia kufunga: hiyo hupokea pigo, kisha pointi kuu ya fedha inafuata.

*Rilei ya elektroniki inayofunga kwenye sifuri.* Haina pointi za kudunda, na huwasha wimbi likiwa sifuri, jambo linaloshusha mkupuo wa LED sana. Lakini hupata joto muda wote inapowaka, inataka bati la kupooza, na ikifa huwa inakufa ikiwa imefunga. Iache kwa sehemu zinazowashwa na kuzimwa mara nyingi mno.

Kontakta za AC-6b, zile zenye vipande vya nyaya za ukinzani vilivyochomoza juu, zimetengenezwa kwa ajili ya benki za kapasita. Zinafanya kazi kwa taa lakini ni ghali bila sababu.

Mfano kamili: ua wa ghala, taa 36

Tuchukue ua wenye taa 36 za LED za 150 W, umeme wa njia tatu (fezi tatu), 230/400 V kama ilivyo Tanzania. Kenya, ambako ni 240/415 V, hesabu inasogea kidogo tu. Karatasi ya draiva inasema: mkupuo 65 A, pawafakta 0.95, uvujaji wa umeme kwenda ethi 0.7 mA, na si zaidi ya draiva 5 kwa breka ya C16 (ya 16 A, aina C, inayovumilia mkupuo kuliko aina B).

1. Gawa kwa fezi. 36 ÷ 3 = taa 12 kwa fezi, yaani 1,800 W. Mkondo: 1,800 ÷ (230 × 0.95) = 8.2 A. Hapa ndipo wengi husimama, wakanunua kontakta ya AC-3 9 A.

2. Hesabu mkupuo. 12 × 65 = 780 A. Kontakta ya AC-3 9 A imejaribiwa kilele cha 127 A. Umeshaona.

3. Angalia waya unakusaidia kiasi gani. Shaba ya 2.5 mm² ina ukinzani wa takriban 7.4 mΩ kwa mita. Mita 60 kwenda na kurudi ni 0.89 Ω, na 325 V ÷ 0.89 Ω ni takriban 365 A. Hata draiva zikiwa nyingi, waya huo peke yake hauruhusu zaidi ya hapo. Waya mrefu ni ngao, na ndiyo maana kontakta ileile inadumu kwenye taa za barabara na inakufa kwenye taa zilizo mita 5 kutoka kwenye bodi. Usiitegemee ngao hii kwa taa za karibu.

4. Gawa kwa makundi. Badala ya kontakta moja kubwa, weka tatu: K1, K2, K3. Kila moja inashika taa 12, nne kwa kila fezi. Sasa mkupuo kwa poli ni 4 × 65 = 260 A, na mkondo wa kawaida ni 2.7 A tu. Kontakta ya AC-3 25 A, yenye kilele cha 353 A, inatosha na chenji inabaki. Taa 4 kwa breka moja ya C16 ziko ndani ya zile 5 zilizoruhusiwa. Usitumie breka ya aina B hapa. Itaruka kila jioni na watu watasema taa zina shoti.

5. Chelewesha makundi. K1 ivute mara moja, K2 baada ya sekunde 3, K3 baada ya sekunde 6. Taima mbili za kuchelewesha kuwasha zinatosha. Faida kubwa inaonekana umeme unaporudi baada ya kukatika, na pale jenereta inapopokea mzigo.

6. Hesabu uvujaji. 36 × 0.7 mA inakaribia 25 mA. RCD, swichi inayokata umeme ukivujia ethi, ya 30 mA inaruhusiwa kuruka kuanzia 15 mA, hivyo moja kwa taa zote ni kujitafutia simu za usiku. Weka moja kwa kila kundi: 12 × 0.7 = 8.4 mA, nayo inatulia.

Manunuzi basi: kontakta 3 za AC-3 25 A zenye koili ya 220–240 V 50 Hz, breka 9 za C16, RCD 3 za poli 4, taima 2 za kuchelewesha, fotoseli 1, taima ya saa 1, swichi ya kuchagua ya nafasi tatu 1, breka ndogo ya 2 au 6 A kwa ajili ya waya za kuendeshea, boksi la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa) lenye nafasi ya ziada angalau robo.

Kugawa makundi kuna faida nyingine ambayo mwenye ghala ataipenda: saa 6 usiku unazima K2 na K3, ua unabaki na mwanga wa mlinzi.

Nyutro usiiguse

Kontakta za poli nne zinavutia: fezi tatu na nyutro, kila kitu kinakatwa. Kwa taa, acha. Taa zako za 230 V zinaegemea nyutro. Poli ya nyutro ikichelewa kufunga, ikitangulia kufunguka, au pointi yake ikiungua, makundi yaliyo kwenye fezi tofauti yanabaki yameungana mfululizo juu ya 400 V. Kundi lenye taa chache hupata volti nyingi na draiva zake hufa zote usiku mmoja. Nyutro isipite kwenye kontakta: itoke kwenye RCD ya kundi lake, iende moja kwa moja kwenye baa ya kundi hilo. Na usiipunguze unene: draiva za LED hutoa mikondo ya hamonia ya tatu (mawimbi ya kasi mara tatu ya umeme wa kawaida), ambayo haifutani kwenye nyutro bali hujumlishana. Unene wa nyutro uwe sawa na wa fezi.

Waya za kuendeshea

Kabla ya kugusa chochote: zima swichi kuu, funga kufuli, kisha pima kwa mita kati ya fezi na fezi, fezi na nyutro, fezi na ethi. Tesa ya bisibisi si kipimo. Kazi ya njia tatu ni ya mwenye leseni, ya mamlaka ya nishati: EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Tumia waya wa 1.5 mm², na uvalishe ncha zake feruli, vile vifuko vidogo vya chuma vya kubana nyuzi. Fezi inatoka breka ndogo, inaingia swichi ya kuchagua. Nafasi ya "mkono" inapeleka fezi moja kwa moja kwenye mstari wa koili. Nafasi ya kati ni kuzima. Nafasi ya "yenyewe" inapeleka fezi kwenye fotoseli, na waya wa kutoka kwenye fotoseli unarudi kwenye mstari uleule wa koili. Fotoseli nyingi zina waya tatu: nyeusi ni fezi inayoingia, nyeupe ni nyutro, nyekundu ni ya kutoka. Si zote. Soma kibandiko, kwani ukiibadilisha nyeupe na nyekundu umefanya shoti jioni ya kwanza.

Mstari wa koili unagawanyika: A1 ya K1 (A1 na A2 ni ncha mbili za koili), na pia taima ya saa. Kutoka kwenye taima ya saa unalisha zile taima mbili za kuchelewesha. Pointi 15-18 ya taima ya kwanza inapeleka fezi A1 ya K2, ya taima ya pili A1 ya K3. A2 zote tatu zinaenda nyutro. Koili ya kontakta ya ukubwa huu huvuta takriban 70 VA inapoanza na 7 VA ikishashika, hivyo fotoseli ya 10 A inaibeba bila jasho. Fotoseli hiyohiyo ukiipa taa 12 za LED moja kwa moja, inagandana.

Fotoseli itazame anga wazi, si taa. Ikiona mwanga wa taa zake yenyewe, itazima, itaona giza, itawasha, itazima, na usiku mmoja kontakta inakula maisha ya mwaka mzima.

Taima ya saa ina mtego wake kwetu: inasoma saa za kizungu. Saa 12 na robo jioni ni 18:15, na saa 6 usiku ni 00:00. Fundi akiingiza 12:15, taa zinawaka wakati wa chakula cha mchana. Jambo jema ni kwamba ukanda wetu uko karibu na ikweta, na machweo hayasogei kwa saa nzima katika mwaka wote. Taima peke yake, bila fotoseli, inaweza kutosha ukiiweka kwa jioni inayoingia mapema zaidi.

Umeme mdogo

Kiwango kinataka koili ivute vizuri kuanzia asilimia 85 ya volti zake. Koili ya 230 V basi ina dhamana kuanzia 195.5 V. Chini ya hapo inaweza kuvuta nusunusu, na kuachia kunaruhusiwa kutokea popote kati ya asilimia 75 na 20. Maana yake ni hii: jioni umeme umeshuka hadi 185 V, fotoseli inatoa ishara, koili inavuta, mkupuo wa taa unashusha volti zaidi, koili inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Unasikia mtetemo kama cherehani. Kila mtetemo ni mkupuo mzima wa taa kwenye pointi.

Pima volti kwenye bodi kati ya saa 1 na saa 3 usiku kabla ya kununua. Zikishuka chini ya 200 mara kwa mara, chagua kontakta yenye koili ya elektroniki ya masafa mapana, mfano 100–250 V, au weka rilei ya kulinda volti mbele ya mstari wa koili, yenye kuchelewa kurudi kwa sekunde 30 au zaidi. Kuongeza ukubwa wa kontakta hapa hakusaidii. Kontakta kubwa ina koili yenye njaa zaidi.

Kujaribu

Washa umeme, breka zote za taa zikiwa chini. Funika fotoseli kwa kitambaa cheusi na usubiri: nyingi huchelewa kuanzia sekunde kadhaa hadi dakika kadhaa kwa makusudi, ili radi au taa za gari zisiichezeshe. Sikiliza K1, hesabu tatu, K2, hesabu tatu, K3. Pima A1-A2 kontakta ikiwa imeshika. Kisha pandisha breka moja moja, na mwisho zima na uwashe zote kwa pamoja mara tano, ukiacha dakika kadhaa kila mara, maana draiva nyingi hupunguza mkupuo kwa kipande cha ukinzani kinachohitaji kupoa. Kuwasha na kuzima harakaharaka ni jaribio la uongo na la kikatili.

Kwa mita ya kubana hakikisha kila fezi ina takriban 8.2 A zote zikiwaka. Halafu weka mita kwenye milivolti na upime juu ya kila poli iliyofunga, mfano kati ya skrubu namba 1 na 2. Unatakiwa kuona milivolti chache. Ziandike. Mwakani zikiwa zimefika mamia, pointi zimechakaa na utaibadilisha kabla haijakuharibia usiku. Kaza skrubu kwa nguvu iliyochapwa ubavuni mwa kontakta, na urudi kukaza baada ya wiki moja ya kazi.

Hitilafu na chanzo chake

Taa haziwaki, koili ina volti, hakuna "tak": koili imeungua, au ni ya volti nyingine. Koili ya 380 V ikipewa 230 V hulalamika bila kuvuta. Ya 24 V ikipewa 230 V hunuka na kufa.

Inanguruma lakini imeshika: kuna vumbi au kutu kwenye nyuso za chuma, au ile pete ndogo ya shaba kwenye uso wa sumaku imevunjika. Vumbi safisha. Pete ikivunjika, badilisha kontakta.

Imeshika nusu, haivuti hadi mwisho: fungua utazame kama kuna mjusi. Si mzaha. Boksi lina joto na tundu moja la waya halina glandi, kizibo cha kubana waya, basi mijusi na sisimizi wanahamia humo, na mwili mmoja mdogo kati ya sumaku unatosha kuunguza koili.

Fezi moja tu ya taa haizimi: poli moja imegandana. Usiipige kwa bisibisi ili iachie na kuirudisha kazini. Uso wake umeshapoteza fedha, itagandana tena ndani ya siku chache. Badilisha, na kabla ya kufunga mpya hesabu upya taa zilizoko kwenye poli hiyo. Mara nyingi utakuta mtu ameongeza taa mbili za lango.

Taa zinang'aa kidogo sana zikiwa zimezimwa: waya mrefu wa taa umelala sambamba na waya wenye umeme na unapokea volti hewani, au mtu alikata nyutro badala ya fezi. Anza kwa kuangalia hilo la pili.

Koili haiachii ingawa fotoseli imekata, nayo pointi ni nzima: waya wa fotoseli ni mrefu mno na umefungwa pamoja na nyaya kubwa, au fotoseli yenyewe inavujisha. Pima A1-A2. Ukikuta volti 60 au 80 mahali pa sifuri, tenga waya huo kwenye bomba lake, au weka rilei ndogo ya kati karibu na kontakta. Koili za elektroniki zinazokula umeme kidogo ndizo zinazopatwa zaidi na ugonjwa huu.

Bandika ndani ya mlango wa boksi karatasi iliyofunikwa plastiki: taa ngapi kwa kila poli, mkupuo wa draiva moja, daraja la kontakta, volti za koili, zile milivolti za siku ya kwanza, na tarehe.